Kutoka Gujarat hadi Leicester, njia ikipitia Mombasa na Kampala

Barabara ya Belgrave mjini Leicester, Uingereza, imejaa maduka ya sari, masonara na wauzaji wa halua na jalebi. Wenyeji huiita Maili ya Dhahabu. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akipita pale, sari na dhahabu hazitamshtua. Kwao zipo tele. Kitakachomsimamisha ni makasha ya duka la mboga: mihogo iliyopakwa nta ili isiharibike safarini, ndizi za kupika, magimbi, bamia, mbaazi. Akiingia mkahawani kupumzisha miguu, ataletewa orodha yenye muhogo wa kukaanga, umenyunyiziwa pilipili na ndimu, ukiwa jirani na vitafunio vya Kihindi kama dhokla na kachori kana kwamba vilizaliwa kijiji kimoja.

Havikuzaliwa kijiji kimoja. Ukienda Rajkot au Jamnagar, miji ya jimbo la Gujarat, India, ambako familia nyingi za Leicester zina asili yao, muhogo wa kukaanga wa kunywea chai si jambo la kawaida. Umefika Uingereza ukitokea kwetu, pamoja na watu walioishi Kampala, Nairobi, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kwa vizazi viwili au vitatu. Wanaposema kwamba wanautunza Uhindi wao kwa kupika nyumbani, wanasema kweli, ila kweli yenyewe ni pana kuliko wanavyodhani. Sufuria zao zimehifadhi safari nzima, na kituo kirefu cha safari hiyo kilikuwa Afrika Mashariki.

Safari mbili, mizigo miwili

Historia yenyewe inajulikana, lakini inafaa kukumbushwa. Wafanyabiashara wa Kachchh na Kathiawar, sehemu za Gujarat, walikuwa wakivuka bahari kwa pepo za kaskazi zamani kabla ya ukoloni. Kisha Waingereza wakajenga reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, wakaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Walio wengi walirudi kwao. Wenye maduka waliendelea kuja, wakafungua biashara kila palipokuwa na kituo cha reli, boma au soko. Walipoleta wake zao, walileta na jiko.

Jiko hilo halikukuta viungo vyake vyote. Nazi ilikuwepo kwa wingi, muhogo ulikuwepo, mahindi, matoke, karanga na kunde vilikuwepo. Akina mama wakafanya kama mpishi yeyote mwenye akili: wakapika kilichopo kwa njia wanayoijua. Matoke yakaungwa kwa haradali, manjano na ndimu. Mahindi mabichi yakakatwa vipande na kupikwa kwa tui. Mbaazi za nazi na mahamri vikawa kifungua kinywa cha Jumapili cha Waismailia wengi wa pwani, kama vilivyokuwa kwa jirani zao Waswahili.

Halafu ikaja safari ya pili. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yaliwaondoa wengi visiwani. Kenya ilipobana leseni za biashara na vibali vya kazi kwa wasio raia, familia nyingi zilikimbilia Uingereza mpaka sheria ya Machi 1968 ilipowafungia mlango wenye pasipoti za Uingereza wasio na mzazi wala babu wa huko. Tanzania ilitaifisha majumba ya kupangisha mwaka 1971. Na Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Takriban 28,000 kati yao walipokelewa Uingereza.

Halmashauri ya mji wa Leicester haikuwataka. Septemba 1972 ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwasihi Waasia wa Uganda wasije Leicester kwa sababu nyumba, shule na huduma za mji zimeelemewa. Wengi walikuja hivyo hivyo, maana ndugu zao waliotoka Kenya na Tanzania walishatangulia. Leo mji huohuo hujinadi kwa sherehe zake za Diwali. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake walijitaja kuwa Wahindi.

Cha hotelini si cha nyumbani

Mtu anaweza kuuliza: kuna haja gani ya kuhangaika jikoni katika nchi yenye maelfu ya hoteli za Kihindi? Waingereza wanakijua chakula cha Kihindi tangu zamani. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua hoteli yake London. Hoteli ya Veeraswamy ilifunguliwa 1926. Na mwaka 2001 Robin Cook, waziri wa mambo ya nje wakati huo, alitangaza katika hotuba kwamba kuku wa tikka masala ndiye chakula halisi cha taifa la Uingereza.

Lakini hoteli nyingi kati ya hizo zilianzishwa na watu wa Sylhet, Bangladesh, na mapishi yake yalitungwa kwa ajili ya ulimi wa Mwingereza anayetoka baa usiku. Mtoto wa Kigujarati akila pale halionji jiko la mama yake. Kwao nyama huenda hailiwi kabisa. Mlo wa kila siku ni mchuzi wa mbaazi, wali, mboga moja na rotli, yaani chapati nyembamba isiyokaangwa, inayopakwa samli ikiwa bado ya moto. Hotelini hutakuta rotli iliyotoka motoni sasa hivi ikatupwa kwenye sahani yako na mtu anayekugombeza kwamba hujala ya kutosha.

Isitoshe, kila nyumba ina sheria zake. Mjaini mshika dini hali kitunguu, kitunguu saumu wala kiazi, kwa hiyo ladha ya mchuzi wake hutokana zaidi na mvuje. Mabohora hukaa kulizunguka sinia moja kubwa na kuanza mlo kwa kuonja chumvi. Mgoa hupika kwa siki, na Singasinga hupenda samli na maziwa. Wote hawa waliishi mitaa jirani Nairobi na Kampala, na wote Uingereza inawaita kwa jina moja. Jikoni ndiko kila mmoja anakobaki yeye.

Sikio ndilo linalopima

Katika jiko la Kigujarati kuna bati la duara la chuma cha pua. Ndani yake mna vibakuli saba vidogo: haradali, bizari nyembamba, manjano, pilipili ya unga, uwatu, mvuje, na mchanganyiko wa giligilani na bizari zilizosagwa pamoja. Mpangilio hutofautiana nyumba hadi nyumba, lakini mwenye bati hahitaji kusoma kibandiko. Mkono unajua.

Chukua ule mchuzi wa mbaazi wa kila siku. Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa huchemshwa mpaka zirojeke, zikapigwapigwa, zikatiwa manjano, tangawizi, nyanya, karanga chache, sukari guru na ndimu, maana Wagujarati hupenda utamu na uchachu vikutane. Mpaka hapo ni uji wa njano usio na makuu. Ndipo kikaango kidogo kinapoingia kazini. Mafuta hupashwa moto, punje za haradali zikatupwa, na mpishi akasubiri. Zikianza kuruka na kugonga mfuniko, papo hapo hutiwa bizari nyembamba, pilipili kavu, majani ya mchuzi ambayo wengine huyaita karipata, na mvuje kidogo wa kuokotwa kwa ncha ya kidole. Kikaango humiminwa chote ndani ya sufuria, mchuzi ukanguruma, na mfuniko ukarudishwa upesi ili harufu isitoroke. Hatua hiyo wanaiita vaghar.

Haradali isipopasuka, mchuzi utabaki na ukakasi. Ikiungua, mafuta humwagwa na kazi huanza upya. Kati ya hali hizo mbili kuna sekunde chache, na kinachoamua ni sikio. Ndiyo maana mjukuu akimuuliza Ba, kama wengi wanavyomwita bibi, atie haradali kiasi gani na kwa dakika ngapi, hapati jibu analoweza kuliandika. Ataambiwa tia kiasi, ngoja mpaka iwe tayari. Bibi hafichi siri yoyote. Hajawahi kupima maishani mwake, na kipimo anachokijua hakimo katika kijiko.

Baridi, Eno na kabati la maji ya moto

Waliofika miaka ya 1960 na 1970 walikuta nchi ya viazi vya kuchemsha na kabichi. Waliopitia kambi za muda za wakimbizi wa Uganda hukumbuka baridi na chakula kisicho na ladha wanayoijua. Viungo vilipatikana katika maduka machache ya London, na majani ya mchuzi mabichi yalikuwa adimu. Tena hapo ndipo ujuzi walioupata Afrika Mashariki, wa kupika kwa kilichopo, ulipowafaa.

Dhokla ya asili huhitaji dengu na mchele viloweshwe, visagwe na kuachwa vichachuke usiku kucha. Gujarat na Mombasa joto lenyewe hufanya kazi hiyo bure. Leicester ya mwezi Januari unga hulala kama ulivyoachwa. Wengine waligundua kwamba kabati lenye tangi la maji ya moto, ambalo Mwingereza hulitumia kukaushia taulo, lina joto la kutosha kuchachusha unga na kugandisha mtindi. Wasio na subira walitumia njia ya mkato ambayo hata India imeenea: unga wa dengu hukorogwa na mtindi, ukatiwa Eno, ile dawa ya kiungulia inayouzwa katika kila duka la dawa, ukafura na kuwekwa kwenye mvuke hapo hapo.

Embe mbichi za achari zilipokosekana, matofaa machachu ya kupikia yanayoitwa Bramley yalishika nafasi yake. Chevdo, ule mchanganyiko mkavu wa kutafuna wakati wa chai, ambao kwetu unajulikana kama chevda, ulianza kutengenezwa kwa mchele uliofurishwa wa Rice Krispies au kwa kornfleksi, zikakaangwa na haradali, karanga na zabibu kavu. Uliobuniwa kwa shida sasa umekuwa utamaduni. Wapo watu wazima waliozaliwa Uingereza ambao kwao chevda bila Rice Krispies si ile ya nyumbani.

Vipo pia vilivyogoma. Rotli hutaka moto wa wazi. Ikishaiva nusu kwenye tava hushikwa kwa koleo na kuwekwa juu ya mwali, ikafura mara moja na kujaa hewa. Nyumba nyingi mpya zina majiko ya umeme yasiyo na mwali, kwa hiyo rotli hubonyezwa kwa kitambaa na hufura kwa shingo upande. Harufu nayo ilileta maneno. Watoto walitaniwa shuleni kwamba makoti yao yananuka mchuzi, na wenye nyumba hawakupenda wapangaji wa Kihindi kwa sababu hiyo hiyo. Baadhi ya familia zilipojaliwa kununua nyumba zao, ziliweka jiko la pili gerejini au uani, pa kukaangia na kuchemshia samli, ili sebule ibaki bila harufu. Kizazi kilichotaniwa ndicho leo kinachowaalika Waingereza wenzake kuja kula, na kuwalipisha.

Embe zilipopigwa marufuku

Jiko la ugenini hutegemea pia forodha. Mei 2014 Umoja wa Ulaya ulizuia embe za India baada ya nzi wa matunda kukutwa katika shehena. Zuio hilo liligusa pia biringanya, karela, dodoki la nyoka na magimbi. Kwa wauzaji wa Leicester hiyo ilikuwa hasara ya msimu mzima, kwa kuwa masanduku ya embe aina ya Alphonso hungojewa kila mwaka kuanzia Aprili. Keith Vaz, mbunge wa Leicester Mashariki wakati ule, aliipinga hatua hiyo waziwazi. Marufuku ya embe iliondolewa mapema 2015.

Wasomaji wengi wa Ulaya waliona ni habari ya matunda. Kwa Wagujarati ilikuwa zaidi. Embe hizo husagwa zikawa ras, rojo tamu linaloliwa na puri wakati wa joto, na majani ya magimbi hupakwa unga wa dengu, hukunjwa na kuwekwa kwenye mvuke yakawa patra. Afisa mmoja alipotia saini Brussels, sahani mbili zilitoweka Leicester.

Zamu ya pili ya akina mama

Masimulizi ya chakula cha nyumbani hupenda kupaka asali. Bibi jikoni, harufu ya bizari, wajukuu wamemzunguka. Husahaulika kwamba bibi huyo aliporudi jikoni alikuwa ametoka kazini. Familia nyingi zilipoteza maduka na akiba, na wanawake ambao Kampala hawakuwahi kuajiriwa walijikuta kwenye mashine za kufuma soksi na kwenye mistari ya viwanda. Mwaka 1974 wafanyakazi wa Kiasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters mjini Leicester, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, waligoma kudai malipo na heshima sawa. Mwaka 1976 Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyewahi kuishi Tanganyika, aliongoza wenzake kutoka nje ya kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, London, katika mgomo uliodumu hadi 1978.

Wanawake hao walishika bango mchana na jioni walisukuma chapati. Mlo wa kila siku uliotunza asili ya familia ulikuwa zamu yao ya pili, isiyo na mshahara wala chama cha wafanyakazi. Baadhi yao walifurahi binti zao walipochagua vitabu badala ya jiko. Pengo linalolalamikiwa leo, kwamba vijana hawajui kupika, kwa sehemu lilikuwa zawadi ya mama kwa binti yake. Mjukuu anayepika Jumapili kwa hiari hawezi kudai anafanya kile kile alichofanya bibi yake kila usiku kwa lazima. Na kama urithi huu ni wa wote, wana wa kiume wanaousifia mezani nao waoshe mikono waingie jikoni.

Barua za anga, vitabu na simu

Waliohama peke yao walipata shida ya aina yake. Madhur Jaffrey, mzaliwa wa Delhi, alikwenda London miaka ya 1950 kusomea uigizaji akiwa hajui kupika. Chakula cha huko kilipomshinda alimwandikia mama yake, naye akamjibu kwa barua za anga zenye maelekezo mafupi mafupi. Kutokana na mafunzo hayo ya mbali alikuja kuandika kitabu cha mapishi kilichotoka 1973, na 1982 alifundisha upishi wa Kihindi katika televisheni ya BBC.

Watoto wa safari mbili nao wameandika. Yasmin Alibhai-Brown, mzaliwa wa Kampala, ametunga The Settler's Cookbook, kumbukumbu za maisha zilizofumwa na mapishi ya Waasia wa Uganda. Meera Sodha, aliyezaliwa Lincolnshire kwa familia iliyofukuzwa Uganda, alichapisha Made in India mwaka 2014 baada ya kukusanya mapishi ya nyumbani kwao ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

Siku hizi barua ya anga imekufa. Mama hurekodiwa kwa simu akikaanga, na video huzunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu wa Leicester, Toronto na Nairobi. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu; ulimwengu wenyewe sasa uko YouTube na unafundisha dhokla. Hata hivyo video ina upungufu. Haitoi harufu ya uwatu unaoanza kuungua, na haikushiki mkono ukikanda unga uliozidi maji. Waliofanikiwa kurithi mapishi ni waliosimama pembeni ya mpishi, wakaagizwa kumenya vitunguu, wakakosolewa.

Sehemu yetu katika sufuria yao

Kuku paka ndiye shahidi mzuri kuliko wote. Kuku huchomwa kwanza kwenye makaa mpaka apate alama nyeusi. Tui zito hupikwa na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi, manjano na nyanya, kisha kuku hutumbukizwa humo na moshi wake wote, pamoja na mayai ya kuchemsha. Mwishoni hukamuliwa ndimu na kunyunyiziwa majani ya giligilani. Nyumba za Leicester, London na Vancouver humpika siku ya wageni, na wajukuu huambiwa ni chakula chetu cha asili. Asili hiyo ni pwani ya Waswahili, mikononi mwa wapishi wa Kihindi.

Wakereketwa wa asili safi huweza kukasirika, lakini India yenyewe haina asili ya aina hiyo. Pilipili, viazi, nyanya na muhogo vilitoka bara la Amerika, Wareno wakiwa miongoni mwa waliovisambaza, na leo hakuna anayediriki kusema mchuzi wa viazi wa Kigujarati si wa Kihindi. Kwa upande wetu, chapati, bajia, achari na urojo wa Unguja vimeshakuwa vyetu bila kuomba ruhusa. Wazanzibari wa Muscat, wanaoendelea kupika samaki wa nazi na mandazi zaidi ya nusu karne tangu waondoke, wanaujua mwenendo huu kwa uzoefu wao.

Hapa ndipo habari ya Leicester inapotuhusu. Mjukuu wa kule anayetaka kujua kwa nini kuku wa bibi yake huchomwa kabla ya kutiwa tui hatapata jibu akisafiri hadi Rajkot. Jibu lipo Mji wa Kale wa Mombasa, Mji Mkongwe wa Unguja, Upanga ya Dar es Salaam na Ngara ya Nairobi. Lipo kwa wapishi wa Kihindi waliobaki, na kwa Waswahili, Wakamba na Waganda walioajiriwa katika majiko yale wakakuna nazi, wakasonga unga, wakafundisha na kufundishwa. Vitabu vya London vimeshaanza kuwasikiliza bibi waliohama. Waliobaki huku, wenye nyumba kwa wafanyakazi wao, ni wachache waliowahi kuulizwa, na waliokuwa wakipika kabla ya 1964 na 1972 sasa ni wazee sana. Vyuo vyetu, makumbusho yetu na magazeti yetu yana kazi ya kufanya, na haihitaji mfadhili: inahitaji mtu mwenye daftari, akubali kumenya vitunguu wakati anauliza.